Blokcheni, kanzidata au cheti chenye saini: rekodi za wafanyakazi zikae wapi?

Idara nyingi za rasilimali watu zimeshaletewa pendekezo la aina hii: hamishieni rekodi zenu kwenye blokcheni, yaani daftari la kidijitali lenye nakala kwa watu wengi, vyeti vya kughushi vitakwisha, wafanyakazi hewa watatoweka na ukaguzi utakuwa kazi ya siku moja. Upande wa pili wapo watu wa TEHAMA wanaosema hizo ni kelele za soko, kanzidata iliyopo inatosha. Mkuu wa idara, mwenye majalada ya watu mkononi na bajeti ya kutetea, anabaki njia panda.

Pande zote mbili huzungumzia rekodi za wafanyakazi kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo mjadala unapopotea. Orodha ya mishahara ya mwezi huu itasomwa na watu wachache, wote wa ndani ya ofisi, na hesabu zikishafungwa ni nadra mtu kuifungua tena. Cheti cha utumishi anachopewa mtu anapoondoka kitasomwa na mwajiri ambaye bado hajulikani, labda miaka 15 ijayo, labda kampuni iliyokitoa ikiwa imeshafungwa. Barua ya onyo haimhusu yeyote nje ya kampuni, na muda wake ukipita inapaswa kutoka jaladani. Hapa chini nalinganisha njia nne nikiwa na rekodi hizo tatu akilini: kanzidata ya kawaida, cheti chenye saini ya kidijitali kisichohitaji blokcheni, blokcheni ya muungano wa taasisi, na blokcheni ya umma.

Vigezo

Cha kwanza ni imani: rekodi inasimama kwa neno la nani, na msomaji wake ana sababu gani ya kulikubali neno hilo. Cha pili ni marekebisho na ufutaji: jina likikosewa, onyo likibatilishwa, au mfanyakazi akidai taarifa zake ziondolewe, inawezekana? Cha tatu ni gharama na kazi. Hapa bei ya leseni haitoshi kuhesabiwa; kuna pia nani atashika funguo, na nani atapigiwa simu mfanyakazi akipoteza nenosiri usiku wa kuamkia usaili. Cha nne ni uhai: muuzaji wa mfumo akifunga biashara, au mwajiri mwenyewe akifilisika, rekodi inabaki na thamani gani?

Jambo moja zito nimeliacha nje ya vigezo kwa sababu njia zote nne zinalingana kwalo: hakuna hata moja inayojua kama kilichoandikwa ni kweli. Ofisa akiingiza jina la mfanyakazi hewa, kanzidata italitunza, na blokcheni italitunza vilevile, tena kwa uimara zaidi. Wafanyakazi hewa hukamatwa kwa kuhesabu watu ana kwa ana, kutafuta akaunti za benki zinazojirudia, na kumtenganisha anayeajiri na anayelipa. Muuzaji anayeahidi kuwaondoa kwa blokcheni peke yake aulizwe ni nani atakayethibitisha kwamba mtu yupo siku jina lake linapoingizwa.

Kabla ya kuendelea, neno moja la kiufundi haliepukiki: heshi. Waraka wowote ukipitishwa kwenye hesabu iitwayo SHA-256 hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Waraka uleule hutoa mfuatano uleule kila mara. Badilisha mwaka wa kuajiriwa kutoka 2016 uwe 2015, tarakimu moja tu, na mfuatano mzima unageuka usifanane kabisa na wa awali. Blokcheni ni kama daftari ambalo kila ukurasa hubeba heshi ya ukurasa uliotangulia, na nakala zake hushikwa na watu wengi wasiotegemeana. Anayetaka kuchezea ukurasa wa zamani lazima aandike upya kurasa zote zilizofuata, na awashawishi wenye nakala wazikubali.

Kanzidata ya kawaida

*Imani.* Rekodi inasimama kwa neno la mwajiri, na kwa undani zaidi kwa neno la msimamizi wa mfumo. Mwenye mamlaka ya juu kabisa kwenye kanzidata anaweza kubadilisha rekodi na, asipodhibitiwa, akabadilisha hata kumbukumbu zinazoonyesha nani alibadilisha nini. Hiki ndicho kidonda ambacho wauzaji wa blokcheni hukitonesha, nao wana haki ya kukitaja.

Hata hivyo kidonda hicho kina dawa ya siku nyingi. Mwaka 1991 Stuart Haber na W. Scott Stornetta walieleza namna ya kuunganisha heshi za nyaraka ili tarehe zake zisiweze kuchezewa, na tangu 1995 kampuni yao ya Surety ikawa inachapisha heshi kila wiki kwenye gazeti la New York Times, ili yeyote mwenye nakala ya gazeti awe shahidi. Waraka wa mwaka 2008 ulioasisi Bitcoin, sarafu ya kidijitali inayotumia blokcheni, una rejea nane, na tatu kati yake ni kazi za watu hao. Idara leo inaweza kufanya jambo la jinsi hiyo kwa bei ndogo: kila mwisho wa mwezi itoe heshi ya kumbukumbu zote na kuikabidhi kwa mkaguzi wa nje. Ubishi ukitokea, heshi ya mkaguzi ndiyo itakayoamua.

*Marekebisho na ufutaji.* Hapa kanzidata haina mpinzani. Kosa linasahihishwa siku hiyohiyo, na rekodi iliyopitwa na muda inaondolewa.

*Gharama na kazi.* Ni nafuu kuliko zote, na wataalamu wake wanapatikana kila mahali.

*Uhai.* Dhaifu. Kampuni ikifa, rekodi hufa nayo, au hubaki kwenye diski ambayo hakuna anayewajibika nayo. Hata jina kubwa la muuzaji si kinga: Amazon ilitangaza QLDB mwaka 2018, kanzidata yenye leja (daftari la kumbukumbu) isiyofutika iliyosimamiwa na kampuni moja, kisha ikaifunga tarehe 31 Julai 2025, na wateja wake wakalazimika kuhama.

*Inamfaa nani.* Kila mwajiri, kwa kila rekodi inayoanzia na kuishia ndani: mahudhurio, likizo, mishahara, tathmini za utendaji, nidhamu.

Cheti chenye saini ya kidijitali

Njia hii husahaulika katika mabishano mengi, nami naona inastahili kutazamwa kwanza na yeyote anayesumbuliwa na vyeti vya kughushi. Mtoaji wa cheti, iwe chuo au mwajiri wa zamani, anakitia saini kwa ufunguo wake wa siri, msimbo ambao yeye peke yake anao. Mwenye cheti anakihifadhi kwenye simu au kompyuta yake. Mhakiki analinganisha saini na ufunguo wa umma wa mtoaji, msimbo wenza ulio wazi kwa wote, kisha anajua ndani ya sekunde kama cheti kimeguswa. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, lilipitisha kiwango cha vyeti vya aina hii Novemba 2019, na toleo la 2.0 likafuata Mei 2025.

*Imani.* Msomaji anaamini ufunguo wa mtoaji. Hahitaji kuiamini kampuni ya kati, wala hahitaji kusubiri barua pepe yake ijibiwe na ofisi ya masijala ya chuo.

Kuna mwanya, na ni vizuri kuujua. Saini inathibitisha nani aliandika, haithibitishi lini. Mwajiri anaweza kutia saini leo kwenye cheti kinachosema kilitolewa miaka sita iliyopita, na saini itapita bila kasoro. Kama tarehe ndiyo kiini cha ubishi, saini peke yake haitoshi.

*Marekebisho na ufutaji.* Mtoaji huweka orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, na mhakiki huiangalia. Kilichokosewa kinabatilishwa na kingine kinatolewa. Taarifa binafsi zinabaki mkononi mwa mwenyewe, na baadhi ya mifumo humruhusu aonyeshe sehemu tu: kwamba ana leseni hai ya taaluma, bila kufichua tarehe ya kuzaliwa. Kwa mfanyakazi hili ni jambo kubwa. Kwa kawaida anayeomba kazi hulazimika kumwaga karatasi zake zote mezani ili athibitishe jambo moja.

*Gharama na kazi.* Wastani. Kazi kubwa ni ya mtoaji, ambaye lazima aulinde ufunguo wake. Ukiibwa, vyeti bandia vitatoka na saini halisi. Na mfanyakazi aliyepoteza simu anahitaji njia ya kupewa cheti upya.

*Uhai.* Unategemea kama ufunguo wa umma wa mtoaji na orodha ya ubatilishaji vitaendelea kupatikana. Vyote viwili vikikaa kwenye tovuti ya kampuni, siku tovuti inapozimwa mhakiki hana pa kushika.

*Inamfaa nani.* Vyuo, bodi za taaluma, waajiri wanaotoa vyeti vya utumishi na mafunzo, na wafanyakazi wanaohamahama kati ya waajiri.

Blokcheni ya muungano

Hapa taasisi kadhaa zinazojuana, tuseme waajiri wa sekta moja pamoja na vyuo na bodi ya taaluma, huendesha leja moja ya pamoja. Kila moja huendesha nodi yake, yaani kompyuta inayotunza nakala ya leja, na asiye mwanachama haingii. Programu inayotumika sana kwa kazi hii ni Hyperledger Fabric, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Julai 2017 chini ya Linux Foundation. Katika rekodi za kazi, mfano unaojulikana ni Velocity Network, mtandao wa vyeti vya taaluma na ajira unaosimamiwa na taasisi isiyo ya faida.

*Imani.* Hakuna mwanachama mmoja anayeweza kubadilisha historia peke yake. Hii ina maana pale tu wanachama wanapokuwa na maslahi tofauti. Nodi zote zikiwa kwenye seva za muuzaji mmoja, chini ya akaunti yake moja, ulichonunua ni kanzidata ya bei ghali. Muulize muuzaji swali hili wazi: nodi ngapi, zinaendeshwa na nani, na ni wangapi wakikubaliana wanaweza kuandika upya leja?

*Marekebisho na ufutaji.* Yanawezekana kwa kupanga mapema. Taarifa zenyewe hukaa nje ya leja, kwenye hifadhi ya kila mwanachama, na leja hubeba heshi tu. Atakayesahau kupanga hivyo tangu mwanzo atakutana na sheria baadaye.

*Gharama na kazi.* Teknolojia ndiyo sehemu rahisi. Kigumu ni watu kukubaliana: nani analipa, nani anakubali mwanachama mpya, mgogoro unaamuliwa wapi, anayejitoa anaondoka na nini. TradeLens ya Maersk na IBM, iliyozinduliwa mwaka 2018 kwa ajili ya nyaraka za usafirishaji wa makontena, ilikuwa na fedha na wahandisi wa kutosha. Novemba 2022 ilitangazwa kwamba itafungwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba ushirikiano kamili wa sekta haukupatikana. Usafirishaji si rasilimali watu, lakini waajiri nao ni washindani. Kampuni iliyotumia miaka kumfunza fundi wake haina haraka ya kuwarahisishia wapinzani kumwona na kumchukua.

*Uhai.* Unadumu kadiri muungano unavyodumu. Mwanachama mmoja akifilisika, heshi za rekodi zake zinabaki kwa wengine, na mwenye faili bado anaweza kuihakiki. Muungano ukivunjika, rekodi zinarudi kuwa faili tu.

*Inamfaa nani.* Sekta ambazo leseni na mafunzo ya mtu hukaguliwa mara kwa mara na waajiri wengi, kama afya, usafiri wa anga na ujenzi, na ambako tayari kipo chombo kinachowaketisha pamoja. Chombo hicho kikikosekana, blokcheni haitakiumba.

Blokcheni ya umma

Bitcoin iliyoanza Januari 2009 na Ethereum iliyoanza Julai 2015 ni mitandao ambayo yeyote anaweza kuisoma na kushiriki kuiendesha. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Nicosia kilianza kuweka alama za vyeti vyake kwenye blokcheni ya Bitcoin. Mwaka 2017 MIT ikawapa wahitimu 111 shahada za kidijitali kwa majaribio, kwa kutumia Blockcerts, kiwango huria cha vyeti vya blokcheni.

*Imani.* Msomaji haamini taasisi yoyote kuhusu tarehe. Bloku mpya ya Bitcoin, yaani ukurasa mpya wa daftari lake, hupatikana kila dakika 10 kwa wastani, na heshi ikishaingia humo, kila mwenye nakala ni shahidi kwamba waraka ule ulikuwapo wakati ule. Mwanya wa tarehe niliouonyesha kwenye saini unazibwa hapa. Ndiyo maana njia hizi mbili hufanya kazi vizuri pamoja: saini inasema nani, blokcheni inasema lini.

*Marekebisho na ufutaji.* Sehemu hii inastahili muda. Kilichoandikwa hakifutiki. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inampa mtu haki ya kusahihishiwa taarifa katika kifungu cha 16 na ya kufutiwa katika kifungu cha 17, na faini zake za juu hufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya dunia nzima ya kampuni, kinachozidi kati ya hivyo. Nchi nyingi zina sheria zenye mwelekeo huohuo. Jina, mshahara, ugonjwa, onyo: hakuna hata kimoja kinachostahili kuandikwa kwenye blokcheni ya umma, hata kikiwa kimefumbwa kwa usimbaji, kwa sababu ufunguo ukivuja miaka kumi baadaye, nakala ziko kwa dunia nzima.

Wauzaji hujibu kwamba wataweka heshi tu. Jibu hilo halitoshi. Nambari ya kitambulisho yenye tarakimu 8 ina uwezekano milioni 100 pekee, na kompyuta nzuri ya mezani hukokotoa heshi za nambari zote hizo kwa muda mfupi sana, ikalinganisha na iliyopo kwenye leja, na mtu akajulikana. Mshahara ni rahisi zaidi kukisiwa. Dawa ni kuchanganya taarifa na mfuatano mrefu wa nasibu, unaoitwa chumvi, kabla ya kukokotoa heshi. Siku ya kufuta, unaharibu chumvi pamoja na waraka, na heshi inayobaki haimwelekezi mtu yeyote. Muuzaji asiyetaja chumvi mpaka aulizwe hajaifikiria faragha ya wafanyakazi wako.

*Gharama na kazi.* Ada hupanda na kushuka kufuatana na msongamano. Lakini heshi za maelfu ya vyeti huweza kukusanywa kuwa moja na kuandikwa kwa muamala mmoja, hivyo gharama kwa kila cheti huwa ndogo. Waliokuwa na wasiwasi wa umeme wajue kwamba Ethereum ilibadilisha namna yake ya kuthibitisha miamala Septemba 2022 na matumizi yake ya nishati yakapungua kwa zaidi ya asilimia 99. Bitcoin bado hutumia umeme mwingi. Mzigo halisi ni funguo. Hakuna ofisi ya kuomba nenosiri jipya: ufunguo ukipotea umepotea.

*Uhai.* Ndiyo njia inayomtegemea mwajiri kwa kiasi kidogo kuliko zote. Kampuni inaweza kufa na cheti kikaendelea kuhakikiwa, mradi mwenyewe anayo faili yake.

*Inamfaa nani.* Watoaji wa vyeti vitakavyosomwa kwa miongo, na mahali ambapo mtoaji mwenyewe anaweza kushukiwa kurudisha tarehe nyuma.

Na mishahara je?

Wapo wanaopendekeza mikataba erevu, programu zinazokaa kwenye blokcheni na kulipa zenyewe masharti yakitimia. Kwa wafanyakazi huru wanaolipwa kuvuka mipaka kuna hoja ya kusikilizwa, kwani benki zinazopitisha malipo hayo hukata ada na kuchelewesha. Kwa mwajiriwa wa kudumu natahadharisha. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 95 wa mwaka 1949 unataka ujira wa fedha ulipwe kwa fedha halali, na Bitcoin, iliyofikia takriban dola 69,000 Novemba 2021, ilikuwa chini ya dola 17,000 mwaka mmoja baadaye. Mtu hawezi kupanga kodi ya nyumba kwa mshahara wa namna hiyo. Tena programu inaweza kuwa na kosa: Juni 2016 mshambuliaji alitumia kasoro kwenye mkataba erevu wa The DAO, mfuko wa uwekezaji uliojiendesha kwenye Ethereum, akachota zaidi ya milioni 3.6 za ether, sarafu ya mtandao huo. Mshahara uliokosewa kwenye mfumo wa kawaida husahihishwa mwezi unaofuata.

Uchague kwa hali yako

Kama ninyi ni mwajiri mmoja na wasiwasi wenu ni watu wa ndani kuchezea rekodi, bakini na kanzidata, gawanyeni mamlaka, na mpeleke heshi ya mwezi kwa mkaguzi wa nje. Fedha iliyobaki itumieni kuhakiki watu ana kwa ana.

Kama tatizo ni vyeti vya kughushi kutoka kwa waombaji, suluhisho haliko kwenye mfumo wenu bali kwa watoaji. Anzeni kuwauliza vyuo na bodi kama wanatoa vyeti vyenye saini ya kidijitali, na ninyi wenyewe mtoe hivyo kwa wanaoondoka.

Kama mko kwenye sekta ambayo mtu mmoja huhakikiwa na waajiri kumi kwa mwaka, na chama chenu kinakutana na kukubaliana mambo, muungano unastahili majaribio. Andikeni kanuni za uanachama kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, na mwakilishi wa wafanyakazi awemo tangu kikao cha kwanza.

Kama mnatoa vyeti ambavyo lazima vidumu kuliko ninyi wenyewe, ongezeni blokcheni ya umma juu ya saini: heshi yenye chumvi, si zaidi.

Na kama muuzaji yuko mezani tayari na mkataba uko wazi, mpeni kesi moja aitatue mbele yenu. Mfanyakazi alipewa onyo, akakata rufaa, akashinda. Aonyeshe hatua kwa hatua onyo hilo linavyotoka kwenye mfumo wake, nani bado anaweza kuliona baada ya hapo, na nakala zilizobaki ziko wapi. Majibu yake yaingie kwenye mkataba kabla ya saini.